Nusu Sahani ya Mboga

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo, siku tano kabla ya ile waliyotangaza redioni. Nimerudi kutoka kliniki nimechoka hoi, na aliyechomwa sindano si mimi.

Naandika kwa sababu daktari ametuagiza. "Andikeni anachokula," alisema, "kila siku, bila kuficha." Nimechukua daftari hili nililopewa kwenye kiwanda cha uchapaji siku nilipostaafu. Nilisoma prufu miaka thelathini na moja: vitabu vya shule, kalenda, kadi za harusi, matangazo ya vifo. Kazi yangu ilikuwa kulikamata neno lililodondoka kabla ya kuchapwa nakala elfu tano. Wenzangu walinibandika jina la Nukta, na jina likanifuata hadi nyumbani. Mke wangu, huyu mwenzangu, akiudhika huniita Bwana Nukta, na leo ameniita hivyo mara tatu.

Habari yenyewe ni hii. Mwenzangu ana kisukari mwaka wa tisa sasa, na presha ikaja nyuma yake. Leo daktari ameitazama karatasi ya damu akasema figo zake zinafanya kazi thelathini na nane kwa mia. Zikishuka hadi kumi na tano hivi, damu yake itabidi isafishwe kwa mashine, mara mbili kila wiki, maisha yake yote. Bima yangu ya ustaafu inalipia vidonge. Mashine hailipii. Nimeuliza bei, nikajibiwa, nikajuta kuuliza. Kwenda mara mbili tu kunamaliza pensheni yangu ya mwezi mzima.

Mwenzangu anashona sare za shule. Ana vyerehani vitatu kwenye chumba cha mbele, alivinunua kimoja kimoja kwa miaka ishirini. Tulipofika mlangoni akasema, "Kwa hiyo tutauza mashine tulipie mashine," akacheka peke yake.

Kuhusu chakula tulipelekwa kwa bibi wa lishe, mama mwembamba ambaye mkono mmoja wa miwani yake umefungwa kwa uzi. Nje kulikuwa na foleni ya watu sitini na ushee, na karatasi zake za kugawa zilikuwa zimekwisha. Akatuambia kwa mdomo, haraka haraka, kalamu yangu ikimkimbilia nyuma: "Nusu sahani iwe mboga. Robo wanga, yaani wali, viazi au mkate. Robo protini. Chumvi mpunguze sana, sukari achaneni nayo. Anayepika ni nani?"

"Mimi," akasema mwenzangu.

"Kuanzia leo ni mimi," nikasema.

Wote wawili wakanigeukia. Maishani mwangu sijawahi kupika zaidi ya chai.

Nimeyanakili maneno ya bibi wa lishe kwenye karatasi safi, kwa herufi kubwa, nikaibandika ukutani juu ya jiko. Nimeisoma mara mbili na haina kosa.

Jumanne, 5 Machi

Wali umeungua. Mvua.

Alhamisi, 7 Machi

Nimempigia simu binti yetu, anayefanya kazi mji mwingine, nimuulize protini ni nini hasa. Alikuwa kazini, akajibu kwa kifupi. "Maharage, baba. Maziwa." Basi robo ni maharage. Robo ya wanga ni wali. Kilichobaki ni mboga, na hiyo sihitaji kumpigia mtu simu.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekwenda bucha. Mwenye bucha tunamwita Kilo Kasoro, na mizani yake inajua kwa nini. Aliponiona mara ya pili ndani ya siku tatu akainua nyusi. Nikamweleza kwamba nina mgonjwa na hospitali imeamuru nusu sahani ya mboga, mchana na jioni. Akapima, akafunga, akasema, "Hospitali hiyo na mimi waniandikie."

Gharama hii nani alituambia? Watu husema dawa ni ghali, kumbe dawa ni nafuu kuliko chakula cha mgonjwa. Nimeacha kununua gazeti.

Mchana: wali robo, maharage robo, mboga nyama ya kuchemsha. Chumvi sikutia hata chembe. Nimetia vile vidonge vya mchuzi vya dukani ili ladha ije.

Jumapili, 10 Machi

Wali, maharage, mboga maini. Amemaliza yote, akaifuta sahani kwa kidole. Sikumbuki ni lini nilimwona akila hivyo. Nilisimama mlangoni na taulo la vyombo begani, nikafurahi kama mtoto.

Jumatano, 13 Machi

Mboga: nyama. Mvua siku nzima. Nguo hazikauki.

Jumamosi, 16 Machi

Tumegombana. Nilikuwa natafuta sindano ya kushona kifungo changu, nikafungua mtoto wa meza ya cherehani chake cha katikati, nikakuta pipi mbili na nusu pakiti ya biskuti. Nikazileta mezani nikaziweka mbele yake, moja moja, kama polisi na vielelezo. Nikamweleza habari ya figo na thelathini na nane. Nikamwambia mimi nimeacha gazeti, nimekuwa mtumwa wa bucha, vidole vimeungua, na yeye anaramba pipi mafichoni. Nilisema muda mrefu. Yeye alikuwa anapiga pasi kola, hakuacha.

Nilipomaliza akasema, "Nimesikia, Bwana Nukta. Sasa toa biskuti zako kwenye kitambaa cha watu."

Mboga: samaki wa kukaanga, vipande viwili vikubwa.

Jumatatu, 18 Machi

Paa la chumba cha mbele linavuja. Tumesogeza vyerehani vyote upande mmoja. Mboga nyama.

Ijumaa, 22 Machi

Nimechoka. Sikujua kwamba kupika kuna kesho. Kiwandani kitabu kikishapita mikononi mwangu kilikwenda zake, nikashika kingine. Sufuria hii naiosha, na baada ya saa nne iko palepale jikoni inanitazama. Yeye amefanya hivi miaka thelathini na minne, huku anashona. Sijawahi kumsikia akisema kachoka, au labda alisema nami nilikuwa nasoma.

Mboga: nyama, na mayai mawili kwa kuwa nyama haikujaza nusu. Kilo Kasoro tena.

Jumanne, 26 Machi

Binti ametuma pesa. "Za mboga ya mama," kasema. Mungu ambariki. Mvua imepungua kidogo mchana, ikarudi jioni na ndugu zake wote.

Jumatano, 3 Aprili

Miguu yake imevimba. Amevua viatu akitoka dukani kununua uzi, na alama za mikanda zimebaki kwenye ngozi. Nikabonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo, shimo likakaa pale, likachelewa kujaa. Nikamwambia twende kliniki kesho.

"Kliniki ni tarehe ishirini na tisa," akasema. "Sare za watoto ni tarehe kumi na tano."

"Sare zitakuzika."

"Ni cherehani, nakanyaga kutwa, lazima miguu ivimbe. Niwekee maji ya uvuguvugu, acha maneno."

Nimemwekea maji. Labda ni cherehani kweli.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimemwongezea mboga, apate nguvu.

Jumanne, 9 Aprili

Nyama. Mvua. Miguu vilevile.

Jumapili, 14 Aprili

Sare zimekwisha, mia moja na kumi na mbili. Nimeshika pasi mimi, yeye amekaa na miguu juu ya stuli. Uso wake nao umejaa, hasa chini ya macho, asubuhi zaidi. Aliyepita dirishani akamwambia amenawiri, mume anamtunza. Nilijisikia fahari, naandika ukweli, ingawa jicho langu la prufu lilikuwa linaniambia kuna kitu hakijakaa sawa katika ukurasa huu.

Mboga: maini.

Jumamosi, 20 Aprili

Anachoka upesi. Ananionea huruma mimi kwa kupika, na mimi namwonea yeye, basi nyumba nzima ni huruma na mvua.

Jumatatu, 29 Aprili

Nitaandika polepole.

Tulifika saa moja asubuhi, tukaonwa saa sita. Daktari aliisoma karatasi ya damu, akaisoma tena, akavuta ile ya Machi akaziweka sambamba. Nilijua kabla hajasema. Mtu akilinganisha kurasa mbili namna ile, amekuta kosa.

"Ishirini na tisa," alisema.

Mwenzangu akauliza, "Kutoka thelathini na nane?"

"Ndiyo, mama. Kwa wiki nane. Na presha iko juu sana." Akasema tukiendelea na mwendo huu, mwaka hautaisha kabla ya mashine. Akasema kuna upasuaji mdogo wa mkono, kuuandaa mshipa utakaoingizwa sindano, na ni vizuri tuanze kuufikiria mapema, pamoja na pesa. Neno pesa alilisema chini chini, kwa adabu. Mwenzangu aliutazama mkono wake wa kushoto, ule unaoshika kitambaa akishona, akaugeuza juu na chini.

Alibadilishiwa vidonge, akaenda kupanga foleni dirisha la dawa. Mimi nikatumwa kwa bibi wa lishe na daftari hili. Leo foleni yake ilikuwa fupi. Akalifungua, akasoma kwa kufuatisha kidole, kama tulivyokuwa tukifanya sisi kiwandani. Alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili. Kidole kikasimama.

"Mzee," alisema, "hapa umeandika mboga maini."

"Ndiyo."

"Na hapa, mboga nyama. Mboga samaki. Nyama, nyama, nyama na mayai."

"Nusu sahani," nikasema. "Kama ulivyoagiza. Siku chache ilipungua kidogo, nikajazia."

Aliivua miwani yake ya uzi. "Mzee wangu, kwako wewe mboga ni nini?"

Nikamjibu kama ningemjibu mtoto wa darasa la kwanza. Mboga ni mboga. Ni kile unacholia wali. Leo mboga nini? Nyama. Leo mboga nini? Maharage. Hivyo ndivyo nilivyoijua tangu nazaliwa, na nyumbani kwetu kila mtu anauliza hivyo.

Akaniacha nimalize. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Mboga za majani, mzee. Kabichi. Spinachi. Biringanya. Nilikuwa nasema mboga za majani."

Ukutani palikuwa na kalenda, nikaiangalia ile. Maneno mawili yalidondoka, za na majani, na nikayapita mimi niliyelipwa miaka thelathini na moja kwa kazi hiyo tu. Nyama ndiyo protini, akanieleza, na ilitakiwa iwe robo, yaani ukubwa wa kiganja, na siku ya maharage isiwepo kabisa. Vidonge vya mchuzi ni chumvi iliyovaa karatasi ya kung'aa. Figo zilizochoka nimezitwisha mizigo miwili kwa mpigo, kila mchana na kila jioni, na nikatoka jasho kuipata pesa ya kuinunua.

"Ni mimi nimemfanya hivi," nikasema.

"Tuseme ni sisi. Mimi siku ile nilikuwa na watu sitini nje, nikafupisha." Akaongeza kwamba pengine figo zingeshuka hata hivyo, kwa presha peke yake. Hakuna kipimo cha kugawa lawama, asilimia fulani kwa nyama na asilimia fulani kwa ugonjwa. Ningependa kingekuwepo, nijue asilimia yangu ni ngapi.

Akaniandikia kwa mkono wake, maneno yote, hakufupisha hata moja. Nikamkuta mwenzangu dirishani ameegemea nguzo, mfuko wa dawa mkononi. "Kasemaje?" akauliza.

"Chakula kinabadilika kidogo," nikasema.

Alhamisi, 2 Mei

Wali robo, maharage robo, kabichi nusu. Aliitazama sahani. "Mboga iko wapi?" akauliza.

"Hiyo kabichi."

Akanitazama kwa muda, akashika kijiko. Alikula bila haraka, hakuifuta sahani. Sijamwambia.

Ijumaa, 3 Mei

Spinachi. Mvua kubwa, maji yameingia hadi kizingitini. Sijamwambia.

Jumatatu, 6 Mei

Nimepita bucha bila kuingia. Kilo Kasoro akatoka nje na kisu chake kuniuliza kama mgonjwa amepona. Nikamwambia anaendelea vizuri. Nilipofika mbele nikasimama chini ya kibaraza cha duka la vitabu, mvua ikanipa kisingizio cha kusimama. Maini yamenikatika, nasema kwa maana zote mbili.

Sijamwambia.

Jumatano, 8 Mei

Biringanya, spinachi. Miguu imepungua kidogo. Kila ikipungua najua kilichokuwa kimeijaza.

Ijumaa, 10 Mei

Leo nilimsikia akimweleza mteja kwamba ugonjwa huu hauna shukrani, unafuata masharti yote na bado unashuka. Mteja akampa pole. Nilikuwa jikoni, nimesimama na kabichi mkononi. Kumwacha alaumu mwili wake kwa kosa langu ni uovu wa kiwango kingine. Tulipochapa kosa kiwandani, tuliweka karatasi ndogo ndani ya kitabu, masahihisho, na jina la mhusika chini. Jumapili nitamwambia.

Jumapili, 12 Mei

Nimemwambia.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, mvua inapiga bati. Alikuwa kwenye cherehani cha katikati anapinda sketi. Nikavuta kiti nikakaa upande wa pili wa meza ya kukatia.

"Kuna kosa nimelifanya," nikasema.

"Moja tu?" akajibu, hakuinua macho.

Nikamweleza lote. Kidole cha bibi wa lishe, kiwanda, za na majani, vidonge vya mchuzi, figo kutwishwa mizigo. Nikasema huenda ni mimi niliyezishusha kutoka thelathini na nane, na kwamba kama watamkata mkono kutafuta mshipa, asiulaumu mwili wake, anilaumu mimi. Yeye aliendelea kukanyaga hadi mwisho wa pindo, akakata uzi kwa meno, akaikunja sketi akaiweka pembeni.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba alikusudia majani. Nilikuwa nimekaa pembeni yako, na masikio ninayo. Nani atamwambia mgonjwa wa presha ale nyama nusu sahani? Ulipoleta ile sahani ya kwanza nikasema moyoni, huyu mzee kakosea. Nikafungua mdomo nikuambie."

"Ukaufunga kwa nini?"

Aliokota vipande vya uzi mezani, kimoja kimoja, akavikusanya kiganjani.

"Miaka thelathini na minne nagawa nyama ya nyumba hii," akasema. "Wewe kwanza. Kisha watoto. Kisha mgeni, akiwepo. Mimi nilibaki na mchuzi, na siku nyingine mchuzi nao umekwisha, nakwangua sufuria kwa wali. Hakuna aliyenishika mkono, usije ukasema nakulaumu. Ndivyo nilivyogawa. Halafu siku ile wewe ukaniwekea nyama nusu sahani kwa mkono wako, ukasimama mlangoni na taulo begani unaningoja nionje." Akakifumba kiganja chenye nyuzi. "Basi nikala."

"Ungekufa."

"Sikujua kama inaumiza figo kiasi hicho. Nilijua tu si alichokusudia. Nikasema nitakula wiki moja, kisha nitamwambia. Wiki ikawa mbili. Ulikuwa unapata raha kupika, na mimi nilikuwa napata raha kula. Siku ya biskuti ndiyo nilitaka kukupasulia, ili unyamaze."

Nilikasirika. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli. Nilitaka kumkaripia, nilitaka kupiga meza, nilitaka kumwuliza kama figo ni mchezo. Hasira ikatafuta pa kukaa ikapakosa. Nikatoka kibarazani, nikasimama pale nikitazama maji yanavyoteremka mtaroni na takataka za watu.

Nilijaribu kuikumbuka sahani yake, hata moja tu. Yangu naikumbuka, ya bati, yenye ua la bluu. Ya mtoto wetu wa kiume naikumbuka, na ya binti. Yake haiji. Nimeshindwa kabisa.

Jumatatu, 13 Mei

Nilimpigia binti nikamuuliza mama yao alikuwa anakula nini, na wapi. "Baba, hukujua?" akasema. "Mama alikuwa anakula jikoni, tukishamaliza."

Jumanne, 14 Mei

Kabichi.

Jumapili, 19 Mei

Hatujalizungumza tena. Ila leo alikuja jikoni akanionyesha jinsi ya kukata spinachi, kwamba nikiichemsha sana inakuwa dawa. Tulikata pamoja. Yeye ana mkono mwepesi, mimi nakata kama ninayefuta mistari. Akaniita Bwana Nukta, lakini si kwa kuudhika.

Jumatano, 29 Mei

Presha imeteremka, kwa kile kipimo cha zahanati ya jirani. Sitaki kufurahi mapema. Nimechoka na matumaini pia, nayo yanahitaji nguvu.

Jumamosi, 8 Juni

Mtu amekuja kuulizia cherehani cha tatu, sijui nani alimwambia tunauza. Mwenzangu akamkaribisha, akamwachia akikanyage, akamsifu kwa kujua mashine nzuri, kisha akamwambia arudi baada ya tarehe ishirini na nne. Tarehe hiyo ni kliniki. Nilipomtazama aligeuza uso.

Jumamosi, 15 Juni

Mvua nyepesi asubuhi tu. Biringanya. Miguu imerudi miguu.

Ijumaa, 21 Juni

Silali vizuri. Naye halali, namsikia.

Jumatatu, 24 Juni

Thelathini.

Daktari alisema zimetulia. Hazikupona, akasisitiza, za namna hii hazirudi zilikotoka, ila zimesimama zilipo, na presha imeshika adabu. Upasuaji wa mkono tuuweke kando kwa sasa, turudi baada ya miezi mitatu. Mwenzangu akauliza, "Kwa hiyo mashine?"

"Siyo mwaka huu, mama, mkiendelea hivi. Mwakani sitaki kuapa."

Nje kwenye benchi alikaa kwanza, akashusha pumzi, akalia kidogo kwenye kitambaa chake cha kichwa. Mimi nilishika mfuko wa dawa. Tofauti ya ishirini na tisa na thelathini ni moja, na nilikuwa naihesabu tena na tena kichwani.

Tulipoinuka kuondoka tukapita kwa bibi wa lishe, mwenzangu mwenyewe akaingia, akanifungia mlango nje. Alikaa humo muda. Alipotoka akasema wamekubaliana: siku moja kwa wiki nyama badala ya maharage, robo ya sahani, ukubwa wa kiganja chake yeye, siyo changu.

Jumanne, 25 Juni

Aliyetaka cherehani alirudi. Mwenzangu akamwambia hakiuzwi, akampa chai.

Jumapili, 30 Juni

Mvua imekata. Siku ya sita leo, na nguo zimekauka hadi zimekuwa ngumu.

Asubuhi nilikwenda bucha nikanunua mnofu mmoja. Kilo Kasoro akaniuliza kama ni wa paka. Nikauchemsha kwa kitunguu na nyanya, bila chumvi, bila kidonge cha mchuzi. Nikaweka sahani mbili mezani, si jikoni, nikaipakua yake kwanza. Spinachi nusu, wali robo, na ule mnofu. Kwangu nilijiwekea maharage.

Aliiangalia sahani yake, akaiangalia yangu. Kisha mkono wake ukafanya ulichozoea. Akaukata mnofu katikati, nusu iliyo kubwa akaisukumia upande wangu. Sidhani kama alijua anafanya nini. Nikamrudishia. Akaisukuma tena. Nikamrudishia tena, na safari hii nikaifunika sahani yangu kwa kiganja.

"Kula, mama," nikamwambia. "Ni yako."

Alikula taratibu, akitafuna kila kipande mpaka mwisho, na hakunitazama. Mimi sikugusa changu. Nilikaa nikaitazama sahani yake mpaka ikabaki tupu, ndipo nikashika kijiko.